Aliyeifungua Diski

Sogeeni karibu. Mwenye neno mdomoni alimeze kwanza, maana leo sina mafunzo ya kuwagawia. Nina kesi, na mahakimu ni ninyi.

Katika mji mmoja chini ya milima ya Upare palikuwa na karakana ya kompyuta iliyotazamana na lango la hospitali. Humo walifanya kazi mafundi watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Elifuraha alijaliwa macho. Si kwamba aliona mbali kuliko wengine, la. Aliona kile ambacho wengine walikwisha kuacha kukitazama. Akiingia chumbani kwako alijua saa ya ukutani imesimama kabla hujamwambia karibu.

Mzee Kundaeli alijaliwa kujua vitu tangu mizizi yake. Mfumo ulioendesha kompyuta zote za hospitali ile, na za zahanati kumi na nne huko juu milimani, aliuandika yeye miaka kumi na mmoja nyuma, kwa sababu mashine zilizokuwapo zilikuwa kuukuu na hakuna mfumo mwingine uliokubali kukaa ndani yake. Akauita Msingi. Ungemwamsha usingizini ukamuuliza mstari wa mia nne unasemaje, angekujibu kisha akageukia ukutani akaendelea kulala.

Mwantumu, aliyekuja kutoka Pangani, alijaliwa kutoogopa kukosea. Wengine wakikosea mara tatu hukunja uso, na wakikosea mara kumi hukunja virago. Yeye alikosea, akasema "haya," akajaribu tena, na sauti yake ya mara ya ishirini ilikuwa ile ile ya mara ya kwanza.

Hao ni watatu. Sasa kaeni na mtu wa nne, maana kesi hii ni yake.

Mbonea alikuwa mkulima wa tangawizi. Kijijini kwake walimchagua agawe zamu za maji ya ndiva, lile bwawa la wote linalomwagilia mashamba, na kazi hiyo haipewi mtu wa maneno mawili. Akisema kesho ni zamu ya fulani, hata ndugu yake wa tumbo moja hakujaribu kumbembeleza.

Jumatatu moja ya masika alimshusha mkewe Nakijwa kutoka milimani, akiwa na mimba ya miezi minane na damu ikimtoka kidogo kidogo. Daktari Mshana alimpima, akasema kondo la nyuma limekaa njiani, mtoto hana pa kupita. Lazima afanyiwe upasuaji Alhamisi asubuhi, na lazima damu ya kumwongezea iwe tayari.

"Damu si tatizo, daktari," Mbonea alisema. "Mimi nipo, wadogo zangu wapo."

Daktari akatikisa kichwa. "Miaka miwili iliyopita mkeo alipoongezewa damu, nini kilitokea?"

Mbonea alikumbuka. Nakijwa alitetemeka mpaka kitanda kikalia, mkojo ukawa mweusi kama kahawa. Alikimbizwa hospitali ya rufaa, akakaa huko wiki tatu, na wataalamu wakagundua kwamba mwili wake umejifunza kuikataa damu ya namna fulani.

"Namna gani, ndilo sikumbuki," daktari alisema. "Na ubaya wa kinga ile ni kwamba hujificha. Leo nikijaribu damu yake na ya mtu mwingine kwenye kichupa, huenda zikaonekana zimepatana. Zikikutana mwilini, ugomvi unaanza upya. Kadi yake iko wapi?"

Kadi ilikuwa imelowa mvua, tarakimu zote zimeyeyuka. Hospitali ya rufaa ilipopigiwa simu ikajibu kwamba majalada ya mwaka ule yanatafutwa. Kumpeleka huko hakukuwezekana, maana maji yalikuwa yamekata barabara, na kumtikisa mgonjwa wa namna ile ni kumuua. Ilibaki kompyuta ya hospitali, ambamo majibu yote ya Nakijwa yaliingizwa wakati ule, pamoja na ya wagonjwa wengine elfu nne. Nayo Jumamosi ilikuwa imepigwa na radi.

Laiti radi ingeiunguza diski ya kompyuta ile, watu wangelia wakanyamaza. Lakini diski ilikuwa nzima. Ukiichomeka taa yake iliwaka, ukiisogeza sikioni ulisikia ikizunguka. Ila kila kompyuta ya Msingi iliyochomekewa diski hiyo iliganda papo hapo: skrini haibadiliki, kitufe hakijibu, mpaka uizime kwa kuchomoa waya. Na kwa kuwa iliandikwa kwa mfumo wa Msingi, kompyuta za kawaida hazikuweza kuisoma hata kidogo.

Jumanne asubuhi daktari alivuka barabara akaipeleka diski karakana. Mbonea akaifuata. Mtu mwenye mke wodini, kukaa kwake ni kazi nzito kuliko kulima. Wakampa kigoda karibu na dirisha.

Elifuraha ndiye aliyeanza. Akaichomeka diski kwenye mashine ya majaribio, mashine ikafa. Akaiwasha upya, akachomeka, ikafa. Alifanya hivyo mara kumi na moja, na Mbonea akadhani ni ukaidi tu. Mara ya kumi na mbili Elifuraha aliegesha simu yake kwenye chupa ya maji, akarekodi maandishi yaliyopita mbio kwenye skrini kabla ya kuganda. Kisha akairudia video ile polepole, picha moja moja, akinakili tarakimu kwa penseli juu ya kipande cha mfuko wa saruji.

Mbonea hakuvumilia. "Unatafuta nini, dada?"

"Maneno yake ya mwisho, kaka." Akasogeza karatasi ile ili Mbonea aione. "Diski hugawanywa vipande. Sisi tunaviita patisheni. Mwanzoni kuna jedwali dogo linalosema kipande hiki kinaanzia hapa, kinaishia pale. Vipande vikizidi, jedwali linasema mengine yako mbele, nenda namba fulani, na huko unakuta jedwali jingine."

"Mipaka ya mashamba."

"Hiyo hiyo. Sasa soma hizi namba."

Mbonea akasoma kwa kidole. 40960. 81920. 122880. Kisha 40960 tena. Kisha 81920.

"Zinajirudia," alisema.

"Zinajirudia! Jedwali la tatu limeharibika tarakimu, linairudisha mashine kwenye la kwanza. Mashine inaambiwa nenda mbele, inakwenda, inajikuta ilikotoka, wala haijui kwamba imerudi. Itazunguka hivyo mpaka kiama."

Wote wakainama juu ya karatasi ya saruji. Kwa siku tatu watu walikuwa wakisema "diski imekufa." Sasa ilijulikana kwamba diski haikufa, ilisema uongo mmoja, na uongo wenyewe ulikuwa umeandikwa pale kwa penseli.

Lakini Mbonea alikuwa na swali. "Mtu mmoja akipotea njia, kijiji kizima hakifi. Kwa nini mashine nzima inakufa?"

Mzee Kundaeli akajibu bila kuinua macho. "Kwa sababu anayesoma lile jedwali ni kerneli. Kerneli ni kiini cha mfumo, ndugu yangu. Kila programu inaishi kwa kumtegemea yeye. Akisimama yeye, wote wamesimama." Akavuta kiti. "Ila hili ni dogo. Nitamwambia akihesabu majedwali mia moja, aache."

Akaandika. Kuijenga kerneli upya kwenye mashine zile za kizamani kulichukua karibu saa nzima. Wakachomeka diski. Mashine haikuzunguka tena; ikafika kwenye kipande kilichodai kuwa kikubwa kuliko diski yenyewe, ikajaribu kukifuata hadi mwisho, ikafa. Mzee akaziba tundu hilo, wakangoja saa nyingine, mashine ikakutana na kipande chenye urefu wa sifuri, ikafa. Akaziba. Ikafa mahali pengine. Kila uongo uliozibwa ulikuwa na mwenzake nyuma yake, na kila jaribio lilikula saa nzima. Jumanne ikaisha hivyo.

Jumatano asubuhi Elifuraha ndiye aliyeuliza swali ambalo karakana nzima ilikuwa ikilipita kama mtu apitavyo kizingiti cha nyumba yake.

"Mzee, hivi ni lazima kerneli ndiyo isome jedwali?"

"Asome nani mwingine?"

"Programu ya kawaida, nje ya kerneli. Kerneli iipokee diski nzima kama ilivyo, isiulize imegawanywa vipi. Programu ndiyo isome mipaka, ikague, kisha iiambie kerneli kipande kinaanzia hapa na kuishia hapa. Programu ikipotea njia, itapotea peke yake."

Mzee Kundaeli akasema, taratibu, "Mistari ile ndiyo ya kwanza niliyoandika. Msingi ulijua kusoma mipaka ya diski kabla haujajua kuandika herufi moja kwenye skrini. Miaka kumi na mmoja haijamwangusha mtu."

"Imeangusha Jumamosi, Mzee," Mwantumu alisema. Hakusema kwa jeuri, lakini alisema.

Mzee akainuka akatoka nje. Kupitia dirishani Mbonea alimwona amesimama bombani, maji yakimpita mikononi, naye hanawi.

Wakati huo huo muuguzi akaja mbio kutoka ng'ambo. Damu inayomtoka Nakijwa imeongezeka, alisema. Upasuaji hautasogezwa hata kwa saa moja. Kesho saa tatu asubuhi daktari ataingia, damu iliyo salama iwepo au isiwepo.

Mbonea akasimama. Alitaka kusema maneno mengi, lakini mtu aliyezoea kugawa maji huwa na maneno machache.

"Mimi sina cha kuwapa ninyi," alisema. "Lakini atakayeifungua diski hii, mwanangu ataitwa jina lake. Nimesema."

Mzee Kundaeli alikuwa amesimama mlangoni, mikono ikidondosha maji. "Usiniwekee jina la mtoto njiani, ndugu yangu," alisema. "Nilikwisha kuamua kule bombani." Akajifuta kwenye suruali, akaketi, akafungua faili lake la kwanza kabisa.

Ilikuwa mistari elfu moja mia tisa na kumi na miwili. Kuifuta kungekuwa rahisi. Kila mtu anajua kufuta. Shida ilikuwa kwamba katika miaka ile yote mambo mengine yalikuwa yameota juu yake. Mahali thelathini na saba ndani ya kerneli palitegemea mistari hiyo, na hakuna kitabu kilichotaja hata sehemu moja. Palikuwa kichwani mwa Mzee peke yake. Akaenda akikata sehemu moja baada ya nyingine, akinong'ona, na hakuuliza wala kuulizwa.

Isipokuwa mara moja. Mbonea alikuwa akiwaza tangu asubuhi, na wazo lilimwasha.

"Mzee, naomba niulize swali la kijinga. Hiyo programu itakayosoma mipaka ya diski, yenyewe imehifadhiwa wapi?"

"Ndani ya diski ya mashine."

"Basi nani atasoma mipaka ya diski hiyo, ili kuifikia programu ya kusoma mipaka?"

Mzee akageuka akamtazama, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. "Nilipokuwa nafundisha chuoni, wanafunzi walichukua mwaka mzima kuniuliza hilo. Programu itafungwa pamoja na kerneli, kifurushi kimoja. Mashine ikiwaka, vyote viwili vinaingia kwenye kumbukumbu yake kabla diski yoyote haijaguswa. Na kukifunga kifurushi hicho ndiko kunakonitoa jasho sasa hivi, kwa hiyo nyamaza kidogo, baba."

Mbonea akanyamaza, lakini moyoni alifurahi, na akajionea haya kwamba amefurahi siku kama ile.

Saa saba mchana kerneli mpya ilikuwa tayari. Elifuraha akachomeka diski. Mashine haikufa. Haikujua lolote kuhusu diski ile, haikujua ina vipande vingapi wala vinaanzia wapi, lakini ilisimama ikingoja kuambiwa.

"Sasa mnipishe," alisema Mwantumu.

Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kunakili diski nzima, jambo ambalo halikuwezekana siku zote zile, maana mashine ilikufa kabla ya kupokea amri. Kisha akaichukua mistari aliyoitoa Mzee, akaipitia mmoja mmoja. Karibu nusu akaiweka kwenye programu yake mpya kama ilivyokuwa. Nusu nyingine akaitupa, kwa sababu ilikuwa mistari iliyoamini kila inachoambiwa.

Programu yake ikaanguka. Mashine ikabaki imesimama. Mwantumu akasema "haya," akarekebisha, akaiendesha tena, na kabla Mbonea hajakaa vizuri kigodani ilikuwa imeanguka mara ya pili. Hapakuwa tena na kungoja saa nzima. Ilianguka mara ishirini na tatu, na kila anguko lilimfundisha uongo mwingine wa jedwali lile. Baada ya anguko la ishirini na tatu aliegemea kiti.

"Jedwali hili siliamini tena hata neno moja," alisema. "Naliacha."

"Utaijuaje mipaka bila jedwali?" Elifuraha akauliza.

"Kila kipande, Msingi huandika alama yake mwanzoni. Nitaipitia diski nzima, hatua kwa hatua, nitafute alama."

Akaandika upya. Programu ikaanza kutembea juu ya nakala ile, na ilipofika saa tisa na nusu ilikuwa imeleta alama tatu. Mzee akashtuka. Vipande vya kweli, alisema, vilikuwa viwili. Kimoja kati ya hivyo vitatu ni mabaki ya mgawanyo wa zamani, uliofutwa miaka mingi nyuma, na ukikichukua hicho utasoma upuuzi juu ya upuuzi. Hakukumbuka ni kipi. Mwantumu hakubahatisha. Aliiagiza kerneli ivifungue vyote vitatu kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika hata nukta, kisha akavichungulia kimoja kimoja. Cha kwanza kilikuwa mfumo wenyewe. Cha pili kilijaa takataka. Cha tatu kilianza na majina ya watu.

Saa kumi alasiri alisoma kwa sauti: "Nakijwa Mbonea. Asipewe damu yenye alama ya E. Wachangiaji waliomfaa: Yese, kaka wa mgonjwa. Mwalimu Tumaini, shule ya msingi."

Mbonea hakungoja kusikia zaidi. Wale waliokuwa langoni mwa hospitali wanasimulia kwamba alivuka barabara bila viatu, na hakuna anayejua alivivua saa ngapi.

Yese na Mwalimu Tumaini walipigiwa simu. Walishuka mlima kwa miguu, matope mpaka magotini, wakapimwa, wakatoa damu. Alhamisi saa tatu Nakijwa aliingizwa chumba cha upasuaji. Alipoteza damu nyingi, zaidi ya daktari alivyohofia. Aliongezewa ya kaka yake, akaongezewa ya mwalimu, na mwili wake haukuikataa hata tone. Mtoto wa kike alitoka akilia kwa hasira, kama aliyecheleweshwa. Saa sita Nakijwa alifumbua macho akaomba uji.

Sasa, ndugu zangu, raha imekwisha. Kesi ndiyo hii.

Jumamosi muuguzi alikuja wodini na fomu ya taarifa ya kuzaliwa. "Jina la mtoto?" akauliza.

Mbonea alikuwa ametamka mbele ya watu kwamba mwanawe ataitwa jina la atakayeifungua diski. Mtu mmoja, jina moja. Nani aliyeifungua?

Akavuka barabara kwenda kuwauliza wenyewe. Mzee Kundaeli alisema, "Si mimi," akarudi kwenye kazi yake. Elifuraha alisema, "Kamuulize mama yake mtoto, kaka." Mwantumu ndiye aliyemtazama machoni. "Mimi ningependa," alisema. "Nikisema sitaki nitakuwa nakudanganya. Lakini sijui kama ni haki yangu."

Akarudi wodini na uzito ule ule. Mama yake Mbonea alikuwa ameketi kando ya kitanda, mjukuu mapajani, na yeye hakuwa na shaka.

"Ni Mwantumu. Wewe mwenyewe uliniambia, mpaka saa saba mashine ilisimama tu, haijui lolote. Nani alisoma jina la mkeo? Nani aliyevikataa vya uongo akakuletea cha kweli? Ulisema atakayefungua. Aliyefungua ni yule ambaye mlango ulifunguka mkononi mwake."

"Mama, nusu ya programu ile ni mistari ya Mzee Kundaeli," Nakijwa alisema kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa bado nyembamba. "Na Mwantumu angeanguka mara ishirini na tatu kwa kusubiri saa nzima kila anguko, mimi leo ningekuwa wapi? Mzee ndiye aliyempa nafasi ya kuanguka. Tena wale wawili walitoa kazi yao, na kazi yao bado wanayo. Yeye alikitoa alichokijenga kwa miaka kumi na mmoja, mbele ya watoto aliowafundisha mwenyewe. Mpe Kundaeli."

"Jina la mwanamume kwa mtoto wa kike?"

"Jina halivai suruali, mama."

"Hata kama! Mistari iliyokaribia kukuua ni ya nani? Si yake? Mtu akichimba shimo njiani, ukatumbukia, akaja akakutoa, utamwita mkombozi?"

"Hakujua kwamba ni shimo. Alipojua, hakulitetea. Mama umewaona wangapi wa namna hiyo?"

Mama yake Mbonea akamfunika mtoto vizuri.

Mbonea mwenyewe alikuwa akimfikiria Elifuraha. Hakuweza kuisahau karatasi ile ya saruji. Kabla yake diski ilikuwa maiti, watu wamekwisha kuizika midomoni. Baada yake ilikuwa kitu kinachoulizika. Na tena lile swali la Jumatano, hivi ni lazima kerneli ndiyo isome? Mzee mwenye ujuzi wote hakuliuliza. Mwantumu mwenye ujasiri wote hakuliuliza. Bila swali lile Mzee angekuwa bado anaziba matundu, na Mwantumu hana pa kuanzia.

"Lakini alifanya nini?" mama yake akamuuliza alipoyasema hayo. "Aliona na akauliza. Hakuandika hata mstari mmoja. Kwenu kule kwenye ndiva, anayesema 'maji yanavuja' mnamwita aliyeziba?"

"Hapana," Mbonea alisema. "Lakini asiposema, hakuna anayeziba."

Nakijwa akacheka, akashika tumbo kwa maumivu. Muuguzi akahamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Unaweza kuandika yote matatu?" Mbonea akamuuliza.

"Kuandika naweza, baba. Lakini huyu mtoto mtamwita moja. Hilo moja ni la nani?"

Na Mbonea alijua anasema kweli. Neno lake lilikuwa la jina moja. Kuligawa mara tatu kungekuwa kuwapa wote vipande vya ahadi, na huko juu milimani watu wangeuliza kama zamu zao za maji nazo siku hizi zinagawika hivyo hivyo.

Muuguzi akaweka fomu juu ya kitanda, akafungua kalamu. Mtoto alikuwa amelala. Mbonea akamtazama mkewe, akamtazama mama yake, akatazama nje ya dirisha, ng'ambo ya barabara, ambako mafundi watatu walikuwa wakirudisha kumbukumbu za wagonjwa elfu nne mahali pake.

Mimi nimefikia hapo, na simulizi sina tena. Nimekwisha kuisimulia kesi hii sehemu tatu, na mara zote tatu watu waliondoka wakibishana njiani. Kuna waliosema Elifuraha, kwa kuwa bila kuona hakuna kutenda. Kuna waliosema Kundaeli, kwa kuwa kilicho kigumu kuliko kujenga ni kubomoa chako mwenyewe. Kuna waliosema Mwantumu, kwa kuwa mgonjwa haponi kwa swali wala kwa kujinyima, anapona kwa jibu.

Haya, kalamu iko wazi na muuguzi anangoja. Ungekuwa wewe ndiwe Mbonea, ungemwambia aandike jina la nani?